Galusha Grow: Mtoto wa mjane aliyewapigania wakulima wasio na ardhi

Nani anastahili ardhi: anayeilima, au mwenye fedha za kuinunua? Swali hilo liliwagawa wabunge wa Marekani katikati ya karne ya 19. Aliyelishikilia kwa miaka kumi alikuwa mbunge aliyekulia shambani, Galusha Grow. Katika makala haya tunaeleza alikuwa nani, na sheria yake iliwapa nini wengine na kuwanyang'anya nini wengine.

Alikotoka
Grow alizaliwa mwaka 1823 katika jimbo la Connecticut. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo. Mwaka 1834 mama yake alihamia Glenwood, Pennsylvania, familia ikaishi kwa kilimo. Grow alisoma chuo cha Amherst, akawa mwanasheria, na mwaka 1851 akaingia Baraza la Wawakilishi akiwa hajatimiza miaka 30.

Alichokitaka
Wakati huo ardhi ya serikali iliuzwa kwa bei ya kuanzia dola 1.25 kwa ekari. Ekari 160 zilikuwa dola 200, fedha ambazo familia nyingi maskini hazikuwa nazo. Walanguzi walinunua maeneo makubwa na kuyauza ghali. Grow alitaka mkulima apewe ardhi kwa kuilima.

Wabunge wengi wa majimbo ya kusini walipinga. Waliona kwamba magharibi ikijaa wakulima wadogo, utumwa hautapata nafasi huko. Muswada ulipopita mwaka 1860, Rais James Buchanan alikataa kuutia saini.

Mwaka 1861 majimbo ya kusini yalijitenga na vita vikaanza. Wapinzani wake wakuu hawakuwepo tena bungeni, na Grow alichaguliwa kuwa Spika. Rais Abraham Lincoln alisaini sheria hiyo tarehe 20 Mei 1862.

Masharti yake
Aliyetimiza miaka 21 au aliyekuwa mkuu wa kaya, wakiwemo wanawake, aliweza kuomba hadi ekari 160. Alilipa ada ndogo, akaishi hapo na kulima kwa miaka mitano, kisha akapewa hati. Hatimaye watu wapatao milioni 1.6 walipata hati, kwa jumla ya ekari milioni 270 hivi.

Upande wa pili
Ardhi hiyo iliitwa ya bure, lakini haikuwa tupu. Ilikuwa makazi na mawindo ya wenyeji asilia wa Marekani, waliosukumwa kwa mikataba ya shinikizo na kwa bunduki. Na wapo walowezi wengi walioshindwa na ukame na madeni, wakaondoka kabla ya miaka mitano kutimia.

Grow mwenyewe alipoteza kiti mwaka huohuo wa 1862. Alirudi bungeni mwaka 1894, akakaa hadi 1903, na akafariki Glenwood mwaka 1907.

Ndiyo maana, tunaposikia ardhi inagawiwa, haitoshi kuuliza nani anapewa. Tuulize pia nani alikuwa akiishi hapo.