Wafia-dini wa Songkhon

Upande wa kaskazini-mashariki wa inchi ya Thailand kuna sehemu iitwayo Isan. Watu wake ni wakulima wa mpunga. Wengi husema Kilao, sawa na ndugu zao walio ng'ambo ya mto Mekong. Wali wao hushikamana: hupikwa kwa mvuke, hufinyangwa kwa vidole na kuchovywa, kama sisi na ugali. Penye sherehe hupuliza khaen, zumari ya mianzi mingi.

Mwaka 1881 mapadri wawili Wafaransa, Prodhomme na Guégo, walifika Ubon. Mara waliwatetea watu waliotekwa ili wauzwe utumwani, nao wakawekwa huru. Ndivyo Kanisa lilivyoanza pale.

Mwaka 1940 uliingia uadui kati ya Thailand na Wafaransa, waliotawala Laos. Wakristu wakaambiwa: dini yenu ni ya wageni, iacheni. Kijijini Songkhon padri alifukuzwa. Akabaki katekista Filipo Siphong, baba wa watoto watano, akiwaimarisha wenzake. Tarehe 16 Desemba alipigwa risasi msituni. Siku kumi baadaye waliuawa makaburini masista Agnes Phila na Lucia Khambang, mama Agata Phutta, na wasichana watatu. Mdogo wao, Maria Phon, alikuwa na miaka 14.

Papa Yoane Paulo II aliwatangaza wenyeheri mwaka 1989. Je, dini hiyo ilikuwa ya wageni? Kati ya hao saba hakuwamo Mfaransa hata mmoja. Mapadri walileta mbegu. Shamba lilikuwa la Isan.