Reli, Barabara na Vibanda Dar es Salaam

Tangu Wajerumani walipoanza kutandika Reli ya Kati mwaka 1905, Dar es Salaam imekuwa mji wa pande mbili. Njia hiyo ya geji ya mita moja ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Kaskazini yake palikuja kukua Magomeni, Kinondoni na Mwananyamala. Kusini, Keko, Chang'ombe na Temeke. Mkazi wa Mwananyamala anaweza kumaliza mwezi mzima bila kuona taruma hata moja. Lakini akishika Barabara ya Kawawa kwenda Temeke, akapita Magomeni, Kigogo na Ilala, hana budi kuivuka reli kabla ya kufika Chang'ombe. Usalama wa sehemu kama hizo umetegemea sana vitu vilivyosimamishwa au kuachwa kandokando ya barabara: alama, geti, nguzo, kuta, mabango, taa na vibanda.

Zamani vitu hivyo vilikuwa vichache. Kivuko cha reli kilikuwa na alama ya msalaba, pengine geti na mlinzi mwenye bendera, na treni ilipiga honi kila ilipokaribia. Kinga kubwa zaidi ilikuwa uwazi. Treni yenye mabehewa ya mizigo huhitaji mamia ya mita hadi isimame, kwa hiyo dereva wa treni anayeona gari limekwama mbele yake mara nyingi hana la kufanya. Anayeweza kuepusha ajali ni mwenye gari au mtembea kwa miguu, na ili aiepushe ni lazima aone mbali kulia na kushoto. Magari yalipokuwa machache na pembeni mwa reli pana majani tu, jambo hilo halikumpa mtu shida.

Shida ilikuja mji ulipojaa. Kati ya mwaka 1970 na 1975 ilijengwa TAZARA, reli ya kwenda Zambia yenye geji ya milimita 1,067, ikaongeza njia ya pili upande wa Temeke. Barabara inayoitwa sasa Mandela ikawa njia ya malori ya bandarini, nayo inaikata Reli ya Kati Tabata, mahali ambapo makondakta wa daladala hupaita Relini. Katika miaka iliyofuata hali ya uchumi ikawa ngumu, na watu wengi wakaingia katika biashara ndogondogo. Serikali ilijaribu kuwaondoa mjini kwa Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, lakini baada ya mwaka 1985, biashara ilipolegezewa masharti, vibanda viliongezeka kila kona.

Kivuko cha reli kilikuwa mahali pazuri mno pa kuuzia. Magari hupunguza mwendo yanapofika kwenye reli, abiria huchungulia dirishani, na wanaotembea husubiri treni ipite. Eneo la hifadhi ya reli nalo lilionekana halina mwenyewe: hakuna mwenye nyumba wa kudai kodi, na treni zilikuwa chache. Muuza maji, fundi viatu na mama lishe walifuata wateja, na hesabu yao ilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba mahali panapofaa kwa biashara ndipo hasa panapotakiwa kubaki wazi. Turubai moja lililofungwa kwenye nguzo, bango la duka, au rundo la mbao latosha kumficha dereva wa bajaji kichwa cha treni.

Tume ya Jiji, iliyoongoza Dar es Salaam kuanzia mwaka 1996 chini ya Charles Keenja, ilivunja vibanda vingi vya barabarani. Mwaka 2000 jiji likagawanywa katika manispaa za Kinondoni, Ilala na Temeke, na mwaka huohuo ikaanza TANROADS, wakala wa barabara kuu. TARURA, wakala wa barabara za mitaa, ilifuata mwaka 2017. Tangu hapo kivuko kimoja huwa na wakubwa wengi: barabara kuu ni ya wakala mmoja na ya mtaa ni ya mwingine, nguzo ya umeme ni ya TANESCO, chemba ya maji ni ya DAWASA, kibanda kipo chini ya halmashauri, reli na hifadhi yake ni za shirika la reli. Mgawanyo huu unaweza kuleta madhara kama ukosefu wa vifaa. Alama ya chuma ikiibwa na kuuzwa kama chuma chakavu, au taa ikizimika, ni rahisi kila mmoja kumsubiri mwenzake. Mwezi Oktoba 2012 zilipoanza treni za abiria wa mjini, zilizopewa jina la Harrison Mwakyembe, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, moja ikienda Ubungo Maziwa na nyingine ikipita njia ya TAZARA, misafara iliongezeka asubuhi na jioni, saa zilezile ambazo vivuko hujaa watu.

Mabadiliko makubwa yalikuja na reli ya kisasa, SGR, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Aprili 2017. Nyumba na vibanda vilivyokuwa ndani ya hifadhi vilipigwa alama nyekundu ya X, kisha bomoabomoa ikapita. Katikati ya jiji njia hiyo ilipandishwa juu ya daraja lenye urefu wa kilomita 2.56, na penginepo ikazungushiwa uzio, kwa kuwa treni zake hutumia umeme wa volti 25,000 na zinaweza kufika kilomita 160 kwa saa. Safari za kibiashara kwenda Morogoro zilianza Juni 2024. Pale reli ilipopanda juu, gari na treni hii hazikutani tena.

Lakini daraja nalo huleta kazi yake. Chini yake pana kivuli, hapanyeshi, na usiku pana giza. Nguzo zake zinahitaji kingo za zege ili lori lililopoteza mwelekeo lisizigonge, na madaraja yasiyo marefu kwenda juu huhitaji kizuizi cha kimo kabla gari halijafika. Mpita njia anahitaji taa, njia ya miguu isiyozibwa na bidhaa, na mifuniko ya chemba iliyo mahali pake. Oktoba 2021 mkoa uliwaondoa machinga kandokando ya barabara na kuwaelekeza kwenye maeneo yaliyotengwa, lakini eneo lililo mbali na njia ya wateja humrudisha muuzaji alikotoka. Kwa sababu hiyo, kupanga meza chache nyuma ya mstari uliochorwa, mbali na kona ya kuonea treni, kunadumu kuliko kufagia kila kitu. Reli ya zamani ya mita moja nayo bado inatumika, na vivuko vyake vya ardhini bado vinategemea honi, alama na uwazi.