Fahamu makato ya LUKU na namna ya kupanga malipo ya umeme wa nyumbani

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

Mteja wa umeme aliyezoea kupata uniti 28 kwa Sh. 10,000 hushangaa anapofanya manunuzi ya kwanza ya mwezi na kupokea uniti 23.9 kwa kiasi kilekile. Wapo wanaodhani mita imeharibika au bei imepanda kimyakimya. Mara nyingi sababu ni makato yanayofanywa moja kwa moja na mfumo wa malipo kabla ya uniti kukokotolewa.

Makala haya yanaeleza makato hayo, namna ya kuyasoma katika ujumbe wa simu, na namna familia za Mbeya na Iringa zinavyoweza kuyapangia bajeti, hususan katika msimu wa baridi. Hesabu zote zimefanywa kwa viwango vya mwaka wa fedha 2024/25.

Makato hufanyikaje?

Katika nchi kama Uingereza, familia nyingi huiruhusu benki kukata ankara ya umeme kutoka katika akaunti kila mwezi. Nchini Tanzania, wateja wengi wa majumbani hulipa kabla ya kutumia kupitia mita za LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Makato ya moja kwa moja yapo pia, ila hufanyika pale mteja anaponunua umeme kwa simu, benki au wakala.

Makato hayo ni ya aina tatu:

1. Kodi na tozo za umeme wenyewe. Hizi ni Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) asilimia 18, tozo ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA) asilimia 3 na tozo ya EWURA asilimia 1. Hukokotolewa juu ya bei ya umeme, katika kila manunuzi.

2. Kodi ya majengo. Ilianza kukusanywa kupitia LUKU tarehe 20 Agosti, 2021 kwa Sh. 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na Sh. 5,000 kwa kila sakafu ya nyumba ya ghorofa. Kuanzia Julai 2023 viwango hivyo ni Sh. 1,500 na Sh. 7,500. Hukatwa mara moja kwa mwezi, katika manunuzi ya kwanza.

3. Deni. Mteja anayedaiwa na TANESCO hukatwa sehemu ya fedha zake hadi deni liishe.

Soma ujumbe wako

Ujumbe unaoleta tokeni ya tarakimu 20 huonesha pia mgawanyo wa fedha. Kwa mteja wa daraja la T1, ambaye bei yake ni Sh. 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, uniti moja hufikia Sh. 356.24. Akinunua umeme wa Sh. 10,000 kwa mara ya kwanza katika mwezi, Sh. 1,500 huenda kwenye kodi ya majengo. Katika Sh. 8,500 zinazobaki, bei ya umeme ni takriban Sh. 6,967, VAT Sh. 1,254, REA Sh. 209 na EWURA Sh. 70. Uniti zinazopatikana ni 23.9. Akinunua tena katika mwezi huohuo, Sh. 10,000 zitampa uniti 28.

Anayeanza mwezi kwa kununua umeme wa Sh. 2,000 hubakiwa na Sh. 500 tu za umeme, sawa na uniti 1.4. Hivyo, mwenye kipato cha siku hadi siku anashauriwa kutenga Sh. 1,500 kabla mwezi haujaanza, ili asibaki gizani siku ya kwanza.

Kodi isiyokatwa haifutiki, bali hulimbikizwa. Nyumba iliyofungwa Juni na Julai, mwenyewe akarejea Agosti, itakatwa Sh. 4,500 kwa miezi mitatu. Katika Sh. 10,000 atapata uniti 15.4.

Mpangaji na mwenye nyumba

Kodi ya majengo ni wajibu wa mmiliki wa jengo, lakini mfumo humkata anayenunua umeme. Jambo hili huwagusa zaidi wapangaji, wakiwemo wanafunzi wa vyuo wanaochangia mita moja katika maeneo kama Iyunga jijini Mbeya na Kihesa mjini Iringa. Kwa mwaka mzima, kiasi hicho ni Sh. 18,000.

Njia iliyo salama ni kuandika katika mkataba wa pango nani atabeba kodi hiyo, na kama mpangaji atarejeshewa au kupunguziwa pango. Mpangaji atunze ujumbe wa manunuzi ya kwanza ya kila mwezi, kwa kuwa ndio ushahidi wake. Wanaochangia mita wagawane kwanza Sh. 1,500, kisha uniti, badala ya kumwachia mzigo huo aliyetangulia kununua.

Nyumba yenye mita zaidi ya moja haipaswi kukatwa kodi katika kila mita. Aidha, mzee wa miaka 60 na kuendelea pamoja na mtu mwenye ulemavu husamehewa kodi kwa nyumba moja anayoimiliki na kuishi bila kuifanyia biashara. Anayekatwa kimakosa afike ofisi ya TRA au ya halmashauri yake akiwa na kitambulisho, namba ya mita na ujumbe wa makato.

Msimu wa baridi

Kati ya Juni na Agosti, matumizi ya umeme katika Nyanda za Juu Kusini hupanda kwa sababu ya kuchemsha maji ya kuoga. Kupasha ndoo ya lita 20 kutoka nyuzijoto 15 hadi 40 huhitaji takriban uniti 0.6. Familia ya watu watano, kila mmoja akioga ndoo moja kwa siku, hutumia uniti 3 kwa siku, sawa na uniti 90 kwa mwezi kwa maji pekee.

Hesabu hiyo ni muhimu zaidi kwa wateja wa daraja la D1, lililowekwa kwa ajili ya wenye matumizi madogo. Uniti 75 za kwanza za mwezi huuzwa Sh. 100 kila moja, sawa na Sh. 122 pamoja na kodi na tozo. Hivyo uniti zote 75 ni Sh. 9,150. Kila uniti inayozidi hapo huuzwa Sh. 350, sawa na Sh. 427. Mteja anayezidisha uniti 75 mara kwa mara anaweza kuhamishiwa T1, ambako uniti 75 hugharimu Sh. 26,718.

Kwa sababu hiyo, mteja wa D1 asijiandae kwa baridi kwa kununua uniti nyingi ndani ya mwezi mmoja. Ni nafuu kuweka akiba ya fedha na kutumia jiko banifu la kuni, mkaa au gesi kwa maji ya kuoga. Mteja wa T1, ambaye bei yake haibadiliki kwa wingi wa uniti, anaweza kununua akiba mapema. Uniti zilizoingizwa katika mita hubaki hadi zitumike.

Ukiona makato usiyoyaelewa

Linganisha ujumbe wa manunuzi ya kwanza na wa pili wa mwezi. Tofauti ikizidi Sh. 1,500 kwa nyumba ya kawaida, angalia kama kuna kodi iliyolimbikizwa au deni. Kwa masuala ya mita, deni au daraja la bei, mteja apige simu ya TANESCO namba 180 bila malipo, au afike ofisi ya TANESCO iliyo karibu naye. Asiporidhika na majibu, anayo haki ya kuwasilisha malalamiko EWURA.