Trela Limevuka Malaba, Kamisheni Imebaki Wapi?

Watu wangu, leo ni historia, lakini historia ya pesa. Kuna kazi hapa mpakani ambayo wengi huingia baada ya fomu foo, ama chuo kikikushinda kama kilivyonishinda mimi: kuuza bima. Tembea Busia, tembea Malaba, vibanda vya bima ni vingi. Kaa navyo kidogo utasikia kilio kimoja. Mteja amerudi kulipia mwaka wa pili, wa tatu, na kamisheni ya ajenti aliyemleta haionekani. Ofisi ya ajensi inasema "bado tunapiga hesabu".

Wengi husema ni roho mbaya ya mabosi tu. Mimi nasema biashara yenyewe ilijengwa hivyo.

Turudi nyuma. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, lakini malori hayakuacha kwenda Kampala. Sasa lori la Kenya likigonga mtu Tororo, nani analipa? Jibu lilikuja Desemba 1986, nchi za PTA (ile tunayoita COMESA leo) zilipotia sahihi mkataba Addis Ababa. Mwaka uliofuata Yellow Card, kadi ya njano, ikaanza kazi. Unaichukua huku nyumbani kwa kampuni yako ya bima, na inakubalika ng'ambo kwa hasara utakayowasababishia watu wengine. Hapa Kenya inasimamiwa na Kenya Re. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kadi haikuiacha. Ujue ni kitu cha maana.

Mwaka huo huo wa 1987, Sheria ya Bima ya Kenya iliyopitishwa 1984 ikaanza kutumika. Ndani yake kuna kifungu cha 156: kampuni haibebi hatari yako mpaka pesa yako iifikie, ama iwe na dhamana. Hofu ilikuwa kwamba mtu wa katikati atakula pesa ya mteja. Na si hofu ya bure, stika feki sote tunazijua. Lakini angalia mwelekeo. Pesa inapanda juu haraka, sheria ikiisukuma. Kamisheni inashuka chini kwa mkataba, na mara nyingi huo mkataba ajenti hana hata nakala yake.

Katikati ndipo ajensi imekaa. Kampuni iko Nairobi, haina haja ya kuhangaika na kila ajenti wa Malaba. Inalipa ajensi, ajensi inagawa. Ajenti amesomea cheti cha COP, leseni ya IRA analipia kila mwaka, na bado si mfanyakazi wa mtu. Hana mshahara, hana pensheni. Hata KRA hukata asilimia 10 yake kabla kamisheni haijamfikia, kumaanisha serikali hupata chake mapema kuliko aliyesimama juani akimbembeleza dereva. Na siku ajenti akihama ofisi, wateja wake wanabaki kwa mfumo wa wenyewe. Wakirudi kulipia, nani atamwambia?

Kampuni yenyewe ikianguka ni balaa zaidi. United iliwekwa chini ya msimamizi 2005, Standard 2009, Blue Shield 2011. Hazina ya kufidia wenye bima ipo, na jina lake linakuambia ni ya nani. Ajenti anayedai kamisheni hayumo.

Kitu kilichobadilika kweli, kwa maoni yangu, ni Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016, ikafunguliwa Milimani Aprili 2021, kisha ikaenea kwingine. Inasikiza deni lisilozidi milioni 1, lengo ni kesi iishe ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Deni la mkataba nalo lina miaka 6 kabla lizeeke kisheria. Kabla ya hapo, nani angelipa wakili amfuatilie shilingi elfu arobaini?

Lakini hakimu hataki machozi, anataka rekodi. Shangazi yangu ameuza bima Malaba miaka mingi. Ana kitabu cha mazoezi, kile cha kurasa 96 cha watoto wa shule. Kila gari: namba ya pleti, tarehe, namba ya stika, kodi ya M-Pesa. Tulikuwa tunamcheka. Mwaka jana alikiandika chote kwenye barua ya madai, gari moja kwa mstari mmoja, akaipeleka ofisini na kugongewa muhuri wa kupokelewa. Ofisi iliyokuwa "inapiga hesabu" ikaanza kulipa, kidogo kidogo. Bado hawajamaliza. Zimebaki za 2022, na ameandika kwa jalada, kwa kalamu nyekundu: mwisho 2028.