BEI YA KIBATARI

Wiki hii tuzungumzie mafuta ya taa.

Ukifika soko la Majengo mjini Dodoma utasikia mahindi, karanga na hata mkaa vikitajwa kwa debe. Wengi wetu tumesahau debe hilo lilitoka wapi. Lilikuja na mafuta ya taa. Enzi za ukoloni mafuta hayo yaliletwa katika madebe ya bati ya galoni nne, mawili katika kila sanduku la mbao. Mafuta yakiisha, debe lilibaki na kufanywa kipimo. Kwa hiyo mafuta ya taa ndiyo yaliyotupa kipimo cha sokoni. Ajabu ni kwamba mnunuzi wake maskini mpaka leo hajapata kipimo cha haki.

Tukumbushane. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma. Mwaka huo huo ilitungwa sheria iliyounda Tume ya Bei, na mwezi Oktoba vita vilizuka Mashariki ya Kati. Pipa la mafuta ghafi, lililokuwa kama dola 3 hivi, lilikaribia dola 12 ilipofika Januari 1974. Baada ya mwaka 1979 lilivuka dola 30, wakati sisi tumetoka katika vita vya Kagera na fedha za kigeni zimekauka.

Tume ilipanga bei, na bei hiyo ilikuwa nafuu kwenye karatasi. Lakini bidhaa zilipoadimika, mwananchi alisimama foleni, na aliyeshindwa foleni aliishia kwa mlanguzi. Mwaka 1983 Serikali ikatangaza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Fundisho la kwanza hilo: bei iliyopangwa pasipo bidhaa haiwashi taa.

Kisha likaja soko huria, na mwaka 2000 biashara ya mafuta ikaachiwa kabisa. Sasa bidhaa zilikuwapo, lakini mnunuzi hakuwa na pa kuuliza kama bei ni halali. Ndipo ikaja EWURA, iliyoanza kazi mwaka 2006, na Januari 2009 ikaanza kutangaza bei kikomo. Kila mji una bei yake, maana gharama ya usafiri huhesabiwa. Dodoma, iliyo kilomita kama 450 kutoka bandari ya Dar es Salaam, hulipa zaidi ya Dar es Salaam na chini ya Kigoma. Hili ni jambo jema. Mtu akijua bei halali, hadanganywi kwa urahisi.

Lakini lipo fundisho la pili. Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo ili kumsaidia mnyonge. Wajanja wakaona mwanya, wakawa wanayachanganya na dizeli. Hapo ndipo neno kuchakachua lilipovuma nchi nzima. Katika bajeti ya mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi zaidi ya shilingi 400 kwa lita. Nia ilieleweka, kwani injini za watu zilikuwa zinakufa. Lakini tujiulize: nani alibeba mzigo? Mkosaji alikuwa na lori; aliyelipa alikuwa na kibatari.

Tena huyo wa kibatari hanunui lita. Bei kikomo husomwa kwenye pampu, naye hununua robo katika chupa, kwenye kioski cha jirani. Tufanye hesabu ya mfano tu. Lita ikiwa shilingi 3,000 kituoni, na robo ikauzwa shilingi 900 mtaani, lita moja imefika shilingi 3,600. Hizo 600 hazimo katika tangazo lolote. Mwenye kioski si mwizi, naye ana nauli na kodi ya chumba. Lakini mama lishe anayewasha jiko lake alfajiri ya Julai, baridi ya Dodoma ikiuma, hulipa zaidi kuliko mwenye gari. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa mnunuzi wa robo, haba na haba humwaga kibaba.

Leo umeme wa REA na taa za jua zimevifukuza vibatari katika nyumba nyingi. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034, na sasa gesi ndiyo inayosifiwa. Ni vyema. Lakini tusirudie kosa lile lile. Anayefuatilia bei asiishie bandarini wala kwenye pampu. Serikali za mitaa zibandike bei sokoni kwa vipimo vidogo ambavyo watu hununua, na Wakala wa Vipimo wapite hadi kwenye vioski.

Bei ya haki ni ile inayomfikia mnunuzi wa mwisho.