Wimbo Uliomtakasa Jesse James
Alfajiri ya 21 Agosti 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea Marekani, genge la William Quantrill lilivamia Lawrence, Kansas, mji wa wapinga utumwa. Liliua wanaume na wavulana takriban 150, wengi hawana hata silaha. Frank James alikuwemo. Mwaka uliofuata mdogo wake, Jesse, wa miaka 16, naye akaingia msituni na wavamizi hao. Vita vilipoisha, wakageukia benki na treni.

Robert Ford alipomuua Jesse mwaka 1882, nyimbo zikaanza: eti aliwaibia matajiri akawagawia maskini. Ushahidi? Hakuna. Wimbo maarufu zaidi unawahurumia watoto wake watatu, aliacha wawili. Na yatima wa Lawrence je, nani aliwaimbia?