Peckham: Shilingi Moja kwa Wiki kwa Ajili ya Afya

Desturi ya mtu asiyeumwa kulipia mwenyewe uchunguzi wa mwili wake ni kongwe kuliko matangazo ya hospitali za leo yanavyodokeza. Mnamo 1861 daktari Horace Dobell wa London alihimiza uchunguzi wa mara kwa mara, yaani kupima mwili kabla dalili hazijajitokeza, lakini wazo hilo lilipata umbo la kijamii mwaka 1926 huko Peckham, kusini mwa jiji hilo, ambako madaktari George Scott Williamson na Innes Pearse walifungua kituo kidogo ndani ya nyumba ya kawaida. Kituo hicho kilifungwa 1929, kwa kuwa waanzilishi wake walitambua kwamba kugundua kasoro hakutoshi endapo familia inarudi katika mazingira yaleyale yaliyozaa kasoro hiyo.

Walirejea 1935 na jengo kubwa la zege na vioo, lililobuniwa na mhandisi Owen Williams, lenye bwawa la kuogelea katikati, ukumbi wa mazoezi, mkahawa na maabara. Uanachama ulikuwa wa familia nzima, si wa mtu mmoja mmoja. Kila familia ililipa shilingi moja kwa wiki na kukubali kuchunguzwa kila mwaka, kisha ikaelezwa hali yake bila kupewa tiba, kwani aliyehitaji matibabu aliyatafuta kwingine. Katika uchunguzi huo, takriban mtu 1 tu kati ya 10 ndiye aliyekutwa hana kasoro yoyote, ingawa wengi walijiona wazima.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilikifunga kituo hicho, kikafunguliwa tena 1946, na 1950 kikafungwa moja kwa moja. Huduma ya Afya ya Taifa ya Uingereza, iliyoanza 1948 na kumtibu kila raia bila malipo, haikuweza kukipokea kituo kilichotoza ada, kilichohudumia familia za jirani pekee na kilichoshughulikia afya badala ya maradhi, wakati ambapo ada zenyewe hazikutosha kukiendesha. Haki ya mgonjwa maskini kutibiwa ilikuwa ushindi mkubwa wa utu, lakini afya ya asiyeumwa ilibaki bila mlezi, na pengo hilo ndilo biashara ya vipimo vya kulipia inalolijaza sasa.

Kinachouzwa, hata hivyo, ni nusu tu ya Peckham. Mapitio ya tafiti 14 yaliyochapishwa 2012 na mtandao wa Cochrane, unaochambua ushahidi wa kitabibu, hayakuona kwamba uchunguzi wa jumla wa watu wazima hupunguza vifo. Waanzilishi wa Peckham walikwisha kutambua mwaka 1929 kwamba vipimo pekee havitoshi: cheti cha vipimo humweleza mtu alivyo, lakini afya hujengwa pale anapokula, anapocheza na anapoishi na jirani zake.